Mahali pa Kumweka Bonge

Fundi alimshika mbwa kwa ngozi ya shingo, akamtoa nje ya ukingo wa roshani, akamning'iniza juu ya ghorofa tatu za hewa tupu.

"Niombe radhi," alimwambia mkewe.

Chini, kwenye uwanja wa saruji, mtu alikuwa anaosha pikipiki yake. Hakuinua kichwa. Mbwa mwenyewe alikuwa mdogo kiasi cha kuenea ndani ya ndoo, na kwa sababu hiyo hiyo walimwita Bonge. Alikuwa amebweka sana muda mfupi uliopita, fundi alipokuwa akimpigiza mkewe ukutani. Sasa hakubweka tena. Alikunja miguu tumboni, akatulia kama soksi iliyoanikwa.

"Nisamehe," alisema mke.

"Kwa lipi?"

Hapo akakwama. Kwa kazi alikuwa dobi wa hoteli, mtu wa kukumbuka doa la kila shuka, lakini siku hiyo hakukumbuka kabisa ugomvi ulianzia wapi. Mdomo ulikuwa umepasuka na damu ilikuwa inamchuruzika kidevuni.

"Kwa yote," alisema.

"Yote ni yapi? Piga magoti uyataje."

Dobi akapiga magoti. Akataja. Akaomba radhi kwa kuchelewa kurudi, kwa kujibu, kwa kunyamaza alipoulizwa, kwa kumwangalia vibaya, kwa kumfuga mbwa asiye na adabu. Mlangoni alisimama binti yao wa miaka minane, ambaye nyumba nzima ilimwita Kipusa, sare ya shule mwilini na mkoba bado mgongoni. Fundi alisikiliza orodha ile mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari, kisha akamvuta mbwa ndani na kumbwaga sakafuni.

"Siku nyingine sitauliza mtu chochote," alisema. "Nitamwachia tu." Akaingia bafuni kunawa mikono.

Baadaye, fundi alipokwenda zake kijiweni, dobi alimkuta Kipusa chini ya kitanda, amemkumbatia Bonge, uso ameufukia katika manyoya yake.

"Toka huko mwanangu, kumetulia."

"Mama," alisema mtoto bila kutoka, "siku akimtupa Bonge, na mimi nitamfuata."

Aliyasema kwa utulivu, kama anayeomba kalamu. Dobi alikuwa amepigwa mara nyingi na kila mara alijipa moyo kwamba haya nayo yatapita. Sasa alikaa sakafuni, mgongo kitandani, na kwa mara ya kwanza hakupata la kujiambia.

*

Afisa ustawi wa jamii alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na katika chumba kile alikaa na mwenzake mmoja kijana, meza zao zikitazamana. Alimsikiliza dobi bila kumkatiza. Akamwangalia mdomo, akamwangalia na mikono.

"Nafasi ipo katika nyumba ya hifadhi," alisema. "Wewe na mtoto. Njoo Alhamisi asubuhi, mume akiwa kazini. Usibebe mengi. Nguo, vyeti vya mtoto, basi. Nyumba yenyewe ina ukuta na mlinzi, na mahali ilipo hatumwambii mtu."

"Na mbwa?"

"Mbwa gani tena?"

"Tuna mbwa mdogo. Mtoto hawezi kuondoka bila yeye. Na nikimwacha, mume wangu atamuua. Si maneno, dada yangu, atamuua kweli."

Yule kijana wa meza ya pili akaguna, kisha akajifanya anakohoa. Dobi alihisi masikio yanamuwaka. Amekuja hapa na alama za vidole shingoni, na kitu anachokiombea ni mbwa.

"Mle ndani kuna vichanga," alisema afisa. "Kuna wenye pumu. Mbwa haingii, na si mimi niliyeamua. Ila sikiliza." Akainama mbele. "Siku hizi wapo watu wanaowalea mbwa wa wenzao, wenyewe wakisafiri. Mtafutie huko. Lakini usiishie getini. Ingia mpaka nyuma uone anapolala, uone analala na nani. Mahali pakiwa pema, hawatakuzuia kuingia."

*

Mahali pa kwanza palikuwa nyuma ya karakana. Mwenyeji alikuwa bwana mmoja wa mabuti marefu, mpira wa maji mkononi. Dobi alikuwa na Bonge kifuani, ndani ya khanga, kichwa tu ndicho kilichochungulia.

"Huyo?" Mwenye mabuti akacheka. "Dada, huyo ni mbwa au ni panya aliyefaulu mtihani? Mweke hapo chini, atazoea wenzake."

"Naomba kwanza nione wanapolala."

"Wanalala wanapotaka. Mbwa ni mbwa."

Hata hivyo alimfungulia. Uani palinuka mkojo na mafuta ya gari. Mbwa walikuwa wamechanganywa, wakubwa kwa wadogo, wa ulinzi na wa mapambo, na bakuli la chakula lilikuwa moja, karai kubwa la chuma. Dobi alikuwa bado anatafuta kivuli kwa macho pale mwenye mabuti alipomwaga chakula karaini.

Kijibwa cha manyoya marefu, chenye utepe shingoni uliofungwa na mtu aliyekipenda, kilitangulia. Dume moja la kahawia likakidaka mgongoni, likakitikisa kulia na kushoto kama mtu anayekung'uta zulia. Sauti iliyotoka haikuwa ya kubweka. Wengine wote wakaja juu. Mwenye mabuti alianza kuwacharaza kwa mpira, akitukana, akampiga hata yule aliyekuwa anang'atwa, na dume lilipoachia hatimaye, utepe ulikuwa umebadilika rangi na kile kijibwa kilikuwa kinajikokota kwa miguu ya mbele tu.

"Huwa hawafanyi hivi," alisema mwenye mabuti, akihema. "Ni kwa sababu wamekuona mgeni."

Dobi alikuwa ameshafika getini. Bonge alikuwa amemkojolea kifuani.

*

Mahali pa pili palimpa raha mpaka akaogopa. Palikuwa na nyumba ya kawaida yenye bustani, na mwenyeji alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye miwani, mwalimu aliyestaafu. Kabla ya jambo lolote alidai kadi ya chanjo. Akamgusa Bonge masikio, akamfungua mdomo, akamminya tumbo polepole, akauliza anakula nini na anaogopa nini.

"Anaogopa sauti ya mwanamume," alijibu dobi, na papo hapo akatamani ayarudishe maneno yake.

Mwalimu alimwangalia juu ya miwani. Akampeleka nyuma. Wadogo walikuwa na ua wao, wakubwa wao, katikati ukuta. Kila mbwa alikuwa na banda lake, godoro lake, bakuli lake. Maji yalikuwa masafi. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda akiwachana manyoya. Dobi alisimama pale akahisi mabega yanashuka. Kwa mawazo alimwona Kipusa akilala usiku kucha bila kushtuka.

"Na milango hii haifunguki ovyo," mwalimu alisema, akitikisa komeo la banda. "Angalia kazi hii. Nondo nene, viungo vimesuguliwa vikalainika. Nina fundi mmoja wa kuchomelea, kijana mpole ajabu, na wanyama anawapenda! Ana karakana pale karibu na kituo cha mafuta. Jumamosi anakuja kunifungia geti jipya."

Dobi aliliangalia lile komeo. Pembe zake zilikunjwa kwa namna moja tu, na namna hiyo aliijua. Ndiyo iliyokuwa kwenye madirisha ya chumba chake cha kulala, kazi ya mumewe.

"Vipi, dada? Mbona umebadilika?"

"Nimekumbuka... dada yangu alisema atamchukua yeye. Nimekusumbua bure, mwalimu."

"Hata hukunitajia jina lako."

Lakini dobi alikuwa anatembea haraka kuelekea barabarani, na nyuma yake mwalimu alisimama akishangaa mwanamke huyu aliyesifia kila kitu akakimbia.

*

Alhamisi ilikuwa kesho. Mtu pekee aliyebaki alikuwa yule ambaye mumewe hatamfikiria, na hatamfikiria kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kumwona mbwa akivuka kizingiti cha nyumba ya mama yake. Dobi alikwenda kwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa uani akipepeta mchele. Alimwona mkwewe, akaiona khanga inatikisika, akaweka ungo chini.

"Hicho nini?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuuliza hicho nini?"

"Ni Bonge, mama. Naomba ukae naye. Siku chache tu. Mimi na Kipusa tunaondoka kwa mwanao."

"Mwanangu ana hasira za karibu," alisema mama mkwe. "Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Mwanamke akijua kunyamaza, zinapita. Mimi sikukaa miaka yote ile?"

"Alimning'iniza mbwa roshani, mama. Akanipigisha magoti."

"Mbwa!"

"Kipusa alikuwepo. Alisimama mlangoni, ameona yote. Amesema mbwa akitupwa, na yeye ataruka."

Mkono wa mama mkwe, uliokuwa unarudi kwenye ungo, ulisimama hewani.

"Amesema kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Kuku walianza kula mchele na hakuna aliyewafukuza.

"Mweke pale karibu na jiko la nje," alisema mama mkwe. "Ndani haingii. Sitaki manyoya yake kwenye vyombo vyangu. Na wewe usiniambie unakokwenda, kwa sababu akija kuniuliza, mimi sijui kumdanganya." Dobi alipokuwa anaaga, akamwita. "We! Anakula nini kidudu hiki?"

*

Nyumba ya hifadhi ilikuwa na vitanda vya ghorofa na kelele za watoto, na siku za mwanzo Kipusa hakusema na mtu. Kilichomfungua mdomo kilikuwa simu. Kila alasiri mama mkwe alipiga, na kila alasiri alianza kwa malalamiko. Mbwa huyu ametafuna ndala. Mbwa huyu anakoroma. Dobi akauliza amejuaje anakoroma, ikiwa analala jikoni nje. Mama mkwe akasema mvua ilinyesha, angefanyaje, kisha akaiweka simu chini na kuamuru, "Haya, bweka, mtoto anasikiliza." Bonge alibweka. Kipusa alicheka mpaka akapaliwa, na wanawake wengine chumbani wakageuka kumtazama.

Wakati huohuo fundi alikuwa anatafuta. Karakana aliifunga. Alikwenda hotelini akapiga kelele mapokezi mpaka walinzi wakamtoa. Jumamosi alikwenda kufunga geti la mwalimu kwa sababu hela alishaichukua, na mwalimu, kwa nia ya kupiga soga tu, akamsimulia habari za mwanamke wa ajabu aliyekuja na kijibwa cheupe chenye sikio moja jeusi, kinachoogopa sauti za wanaume. Fundi alizima mashine, akavua kioo cha macho. Kumbe mbwa hakwenda nao. Kumbe mbwa yupo mahali, na mtoto hawezi kukaa mbali na mbwa.

Jumapili alizunguka kila banda la mjini, kwa mwenye mabuti akafika. Jumatatu alasiri alichoka, akaona njaa, akaenda kula kwa mama yake.

Simu ilikuwa sikioni mwa Kipusa. Dobi alikuwa pembeni anakunja nguo, akasikia kicheko cha mwanawe kikikatika.

"Baba," alisema Kipusa.

Dobi aliinyakua simu. Kwa mbali, kama mtu anayeongea ndani ya pipa, alisikia sauti ya mumewe.

"Mama, huyo mbwa amefikaje hapa?"

"Karibu kwanza. Kaa ule."

"Nimekuuliza! Wako wapi?"

"Sijui. Hilo nilihakikisha nisilijue."

Kiti kilianguka. Bonge alibweka, kisha akalia, mlio mmoja mrefu.

"Nitamvunja mguu mmoja mmoja mpaka useme."

"Mwachie! Mwachie nakwambia! Mimi ndiye niliyekuzaa, unanisik..."

Kofi lilisikika waziwazi, na baada yake kishindo cha mtu mzima akigonga ukuta. Kisha mama mkwe akalia, "Mkono wangu! Yarabi, mkono wangu!"

"Nipo hapa!" dobi alipiga kelele kwenye simu. "Nakusikia! Mwache mama!"

Hatua zikakaribia.

"Ala," sauti ya fundi ilisema, karibu sana sasa, kama amelala naye mto mmoja. "Kumbe upo. Basi sikiliza vizuri." Hakukata simu. Aliiweka mahali, na dobi akasikia teke, akasikia na jingine, na yule mama hakuwa anaomba tena, alikuwa anatoa pumzi tu kila lilipompata. Wanawake wa hifadhi walikuwa wamejaa mlangoni. Mmoja alimfunika Kipusa masikio.

*

Afisa ustawi alimwambia asiende, askari wameshaitwa. Dobi alikwenda. Afisa akaona bora ampeleke mwenyewe kwa gari kuliko kumwacha akimbie barabarani.

Majirani walikuwa wamewatangulia askari. Muuza nyama wa duka la pili ndiye aliyevunja mlango. Walimtoa fundi nje, na uani, juu ya mchele na ungo uliopinduka, walikuwa wanampiga. Hakuna aliyekuwa anauliza kitu. Mwingine alikuja na fimbo, mwingine na tofali, vijana wasiomjua kabisa walipenyeza mateke katikati ya miguu ya wenzao. "Anampiga mama yake mzazi! Mama mzazi!" Uso wa fundi ulikuwa haufahamiki tena. Alikuwa anajaribu kufunika kichwa, na kila alipofunika kichwa walimpiga mbavu. Mtu mmoja akasema, "Leteni petroli."

Dobi alisimama. Alikuwa ameifikiria picha hii mara nyingi, akipiga pasi mashuka ya wageni. Alidhani ingemfurahisha. Kitu fulani kweli kilifurahi ndani yake, na kingine kilitaka kutapika, na hakuweza kuvitenganisha.

Mama mkwe alikuwa anatambaa kutoka mlangoni. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjika mahali pasipo na kiungo. Alijipenyeza baina ya miguu ya watu akajitupa juu ya mwanawe, na tofali lililokuwa juu likabaki juu.

"Msimuue! Mwanangu! Msiniulie mwanangu!" Akamwona dobi. "Waambie wewe! Wewe ndiye mkewe, watakusikia!"

Watu wakageuka. Wakauona mdomo wake uliokuwa bado na kovu bichi, wakaelewa yeye ni nani, na wakangoja. Mikono yote ilisimama inamngoja.

"Mwacheni," alisema dobi.

Alichelewa kidogo kulisema. Mama mkwe aliona kwamba amechelewa, na yeye mwenyewe aliona kwamba ameonwa.

Askari walipofika walimbeba fundi kama gunia. Bonge alipatikana uvunguni kwa mama mkwe, mguu wa nyuma umevunjika, anatetemeka, meno yake yameng'ang'ania kipande cha kitambaa cha suruali ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

*

Hospitalini walimfunga mama mkwe plasta kuanzia bega hadi vidole. Dobi alikaa kando ya kitanda. Muuguzi akatoka.

"Askari anakuja kuuliza," alisema mama mkwe, macho darini. "Mimi nitasema niliteleza. Na wewe useme hivyo."

"Mama, nilisikia. Nilisikia kila kitu."

"Ndiyo maana nakuomba usiwe umesikia. Wameshampiga. Jino hana hata la kutafunia. Haitoshi?" Akageuza uso. "Nimekulelea mbwa wako. Sikukudai nauli, sikukudai chakula. Nimempa mkono wangu huu. Sasa nadai. Nilipe hili tu."

Hakukuwa na mtu duniani aliyemdai zaidi ya mwanamke huyu. Angeomba damu, angempa. Angeomba amfulie na kumlisha mpaka siku zake ziishe, angefua na kulisha.

"Kwa Bonge nitakulipa mama, maisha yangu yote," alisema. "Lakini si kwa hilo. Nikisema uliteleza, atatoka. Akitoka atakuja. Na Kipusa atakuwa amesimama mlangoni tena."

Askari wa kike aliingia, akavuta kiti. Dobi alieleza. Alianzia kwenye simu, akarudi nyuma, roshani, magoti, ukuta. Wakati wote huo mama mkwe alikuwa ametazama ukuta, na mgongo wake ulikuwa unasikiliza.

"Mama," askari alimgeukia, "ni kweli haya?"

Ilibidi mama mkwe aulizwe mara ya pili.

"Mimi simsemi mwanangu," alisema. "Usiniulize." Akamwonyesha dobi kwa kidevu. "Ila huyu usimwite mwongo."

Fundi alihukumiwa kifungo kwa ushahidi wa mkewe na wa muuza nyama. Dobi alipata chumba cha chini, kisicho na roshani, karibu na hoteli. Bonge alipona akawa anatembea kwa kuchechemea, na Kipusa alijifunza kuchechemea naye ili asijione peke yake. Kwa muda mrefu mama mkwe hakutia mguu pale. Siku moja akaja, plasta imeshatoka, mkono umekonda kuliko mwenzake. Hakuingia. Alikaa kizingitini, akamwacha mbwa apande mapajani pake.

"Jana nilikwenda kumwona," alisema. "Amekonda."

Dobi alikuwa amesimama ndani, pasi mkononi. Akazima pasi, akatoa vikombe viwili, akaja kukaa naye pale chini.

"Chai haina sukari nyingi, mama," alisema.

"Lete hivyohivyo."